Programu za kulipia kwenye Linux: tuziporti kabisa (tuzigeuze ziwe za Linux yenyewe) au tuziache ziishi ndani ya Wine?

MLETA UZI

Mwangaluka wakuu, na wa mbali pia habari za huko.

Nina jambo nataka tulijadili kwa kina maana naona mafundi wengi tunalipita juu juu afu anayeumia ni mteja. Kama mnavojua toka tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haina tena sapoti ya kawaida, na huku kwetu mashine nyingi ni za mtumba, Windows 11 hazipokei kwa njia halali, ama hazina chipu ya ulinzi ya TPM 2.0 ama prosesa yake imeachwa nje ya orodha. Kwahiyo vijana wameacha kuwapigia watu window wanawapigia Linux, na mi siwalaumu hata kidogo, mashine ya RAM 4GB unaiona inafufuka kabisa. Shughuli inaanza mteja akiuliza "na ile programu yangu ya biashara je?" Jibu la haraka siku hizi ni moja tu, tutaiweka ndani ya Wine, ile inayofungua programu za Windows juu ya Linux, itapiga kazi.

Mi naandika programu ya mizani na stoku, naiuza, watu wananilipa kila mwaka. Wateja wangu wengi ni wanunuzi wa dagaa na mabondo pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, wengine wana maduka ya vifaa vya ujenzi Igoma na Buzuruga, na wawili wako ng'ambo Sengerema. Niliiandika kwa lugha ya Delphi enzi za Windows XP, imejengwa juu ya Windows tupu, data yake ilikuwa inakaa kwenye BDE, ile injini ya data ya zamani ya Borland ambayo kwenye Linux haijawahi kuwepo.

Sasa kuna mama mmoja wa dagaa, mteja wangu wa siku nyingi, kijana wake yuko chuo akamwekea Linux Mint na programu yangu akaitia kwenye Wine. Ikafunguka vizuri. Akanipigia simu kwa furaha, "mwanangu kompyuta imekuwa nyepesi", na mi nikafurahi, nikasema basi hapa nimepona, sina haja ya kuandika upya kitu. Hilo ndo kosa langu.

Baada ya kama wiki mbili napigiwa saa kumi na moja alfajiri. Gari ya mzigo wa Kongo imeshasogea, wabebaji wana gunia mgongoni, mzani wenyewe kwenye kioo chake unasoma 48.6 na kwenye kompyuta pale panaposomeka uzito pameganda 0.00. Mama anasema "mzani unasoma, mashine inakataa". Nikachukua boda mpaka Kirumba, nimefika nakuta wameshahamia kwenye daftari, karani anaandika kwa mkono na foleni imefika nje kwenye matope. Kilichotokea ni kidogo mno. Mtu alijikwaa kwenye waya, ule waya wa USB unaogeuza kwenda siriali ukachomoka ukarudishwa. Kwa Linux ule waya ulikuwa ni ttyUSB0, lakini programu yangu ilikuwa bado imeishikilia ile ttyUSB0 ya mwanzo, kwahiyo waya uliporudi ukapewa jina jipya ttyUSB1, na Wine yeye alishaambiwa COM1 (jina la Windows la mlango wa siriali) ni ttyUSB0, basi anaendelea kusikiliza mlango usiokuwa na mtu.

Nilifunga programu, nikachomoa nikachomeka, ikasoma. Dakika mbili. Ila angalieni lile swali alilouliza mama wakati nafungasha, aliniuliza "sasa ikitokea tena nimpigie nani, wewe au mtoto?" Sikuwa na jibu. Kijana wake hajui programu yangu ndani ikoje, mi sijui yeye kaiweka Wine namna gani, wale wanaotengeneza Wine hawajui kama kuna mzani Kirumba. Na hela ya mwaka nimeshapokea mimi.

Ndo nikafika kwenye msimamo wangu na nauweka hapa muuchambue: ukiwa unauza programu, ukichukua hela ya mtu, kumwambia "itafanya kazi kwenye Wine" ni kumwuzia kitu ambacho hukisimamii. Emuleta na ndugu zake ni msaada mkubwa kwa mtumiaji, sio mahali pa muuzaji kujificha. Kama wateja wako wamehamia mfumo mwingine wafuate, iporti.

Naomba kuwasilisha, karibuni.


MDAU WA MALIMBE

Mkuu salute kwa uzi, umeandika kitu cha maisha halisi. Naomba nirekebishe kidogo kwa heshima maana wengi watachanganya. Wine sio emuleta, na jina lenyewe limetokana na hiyo kauli. Emuleta kama QEMU ile aliyoianzisha Fabrice Bellard inaigiza prosesa nzima, kila agizo la mashine A linageuzwa liwe la mashine B, ndo maana inakuwa nzito. Wine haigusi prosesa, programu inakimbia moja kwa moja kwenye chipu yako, kazi ya Wine ni kupokea maombi ya Windows, mfano "nifungulie faili", "nichoree dirisha", na kuyageuza kuwa maombi ya Linux. Kwahiyo kwa spidi haina shida.

Shida yake ni kwamba inabidi waigize tabia za Windows zote, mpaka zile ambazo hazijaandikwa popote. Mradi ulianza 1993 na toleo la 1.0 likatoka 2008, miaka 15 wakuu, na waliofanya kazi ni watu wenye akili kubwa kweli. Hapo ndo unaona ukubwa wa mlima.


MLETA UZI

Mkuu wa Malimbe asante, umeiweka sawa. Mi nimezikusanya pamoja kwa sababu kwa mteja wangu ni kitu kimoja, programu inadanganywa kwamba iko nyumbani kwake. Ila kiufundi uko sahihi na wengine msome hapo juu.


MDAU WA PASIANSI

Kaka mi napingana na wewe na sababu ninayo. Angalia magemu. Valve, kampuni ya magemu, walileta duka lao la Steam kwenye Linux rasmi 2013 wakategemea makampuni yataporti magemu yao, walioporti ni wachache na soko likadorora. 2018 wakaleta Proton ambayo ndani yake ni Wine iliyoongezewa vitu, 2022 wakatoa Steam Deck, kimashine chao cha magemu cha mkononi, na leo maelfu ya magemu ya Windows yanachezwa kwenye Linux bila aliyeyatengeneza kugusa mstari mmoja. Sasa niambie kuporti kumemsaidia nani? Kabla ya hapo walikuwepo Loki Software, wale kazi yao ilikuwa kuporti magemu kwenda Linux tu, walianza 1998 na Januari 2002 wakafunga kwa sababu hela haikurudi. Porti inaua kampuni mkuu, soko dogo halilipi.


MLETA UZI

Hapa umenigusa na nataka nijibu kwa utulivu maana mfano wako ni wa kweli wote.

Kwanza Loki. Ni kweli walikufa, ila wakati wanakufa walishaacha mtaji, jamaa aliyekuwa pale, Sam Lantinga, ndo aliyeandika SDL, laibrari ya kutengenezea magemu, na SDL mpaka leo ndo inayobeba magemu kibao kwenye mifumo mingi. Yani kazi ya kuporti ilizaa kitu kinachowarahisishia wengine wasiteseke. Lakini nakubali, biashara yao haikulipa.

Pili Proton. Jiulize Proton imewezekana vipi wakati Wine ilikuwepo toka 1993? Imewezekana kwa sababu Valve ameweka hela, akashirikiana na CodeWeavers ambao ndo watu wa Wine wenyewe, na gemu likigoma malalamiko yanaenda kwake na yeye anarekebisha anatoa toleo jipya. Kuna mtu amekaa pale anapokea simu. Mi sina ugomvi na Wine yenye mwenyewe. Wewe ukiniambia utaajiri mtu wa kuilinda programu yangu ndani ya Wine, kila toleo likitoka anaijaribu na mzani na printa kabla haijamfikia mama wa Mwaloni, nitakwambia hiyo nayo ni porti, umeifanya kwa mlango mwingine. Na gharama yake utaiona.

Na gemu mara nyingi halishiki kitu nje ya kompyuta. Keybodi, kioo, spika, basi. Programu ya biashara imefungwa kamba na dunia, kuna mzani, kuna printa ya risiti, kuna droo ya hela, kuna skana ya bakodi, wengine wana leseni ya kifaa cha USB. Kila kamba ni mahali pa kukatikia.


MHASIBU, NYEGEZI

Hapo kwenye leseni ya USB ndo pamenifikisha kwenye uzi huu. Tuna programu ya mahesabu, ina kile kidude kama flashi lazima kiwe kimechomekwa ndo ifunguke. Fundi kaweka kwenye Wine, programu inaonekana kabisa mpaka logo, afu inasema kifaa hakijapatikana. Kifaa kinawaka taa na Linux yenyewe inakiona. Tumehangaika siku tatu na mwisho wa mwezi ndo huo. Tufanyeje?


MLETA UZI

Dada pole sana, na usimlaumu fundi wako. Hivo vifaa vingi vinataka driva inayokaa ndani kabisa kwenye keneli, kile kiini cha Windows, na Wine inaishi juu, kwenye eneo la programu za kawaida, driva za keneli za vifaa vya hivo haizipandishi. Vipo vichache vinavokubali ila usikeshe kwa kubahatisha.

Njia ya kukutoa mwisho wa mwezi huu ni mashine pepe, weka VirtualBox, ndani yake Windows, afu kile kidude ukikabidhi kwa Windows ya ndani kupitia menyu ya USB. Itafunguka. Lakini ujue umerudi kule kule, ndani bado una Windows inayotaka leseni yake na ulinzi wake, na RAM unagawa mbili. Kwahiyo hiyo ichukulie ni turubai la mvua, sio paa. Waandikieni waliowauzia, waulizeni wana toleo la Linux au la kwenye brauza lini, maana mnawalipa.


MDAU WA BUZURUGA

Mi nakazia kwa mleta mada na naongeza historia maana naona vijana wengi hawaijui. IBM walikuwa na mfumo wao wa kompyuta, OS/2. Toleo la 2.0 lilitoka 1992 na sifa yake kubwa ilikuwa linakimbiza programu za DOS na za Windows vizuri, wakajisifu kwamba ni DOS bora kuliko DOS na Windows bora kuliko Windows. Sasa jiweke wewe ni kampuni ya softiweya mwaka ule. Ukiandika programu ya Windows inauzika kwa watu wa Windows na watu wa OS/2 pia. Ukiandika ya OS/2 inauzika kwa wa OS/2 peke yao. Utaandika ipi? Ndo hivo programu za asili za OS/2 zikabaki kiduchu, na IBM wakamaliza sapoti mwisho wa 2006. Ile sifa yao ndo iliwamaliza, japo kulikuwa na mengine pia.

Kwahiyo hata hii Proton mnayoishangilia, mi roho yangu haijatulia. Siku mwenye Windows akibadilisha kitu, wote waliokaa juu ya mgongo wake wanayumba.


MDAU WA BUKOBA

Niongezee la Mac maana mi ndo natumia. Apple mara zote wakihama chipu wanaleta mtafsiri. 2006 walipotoka PowerPC kwenda Intel walileta Rosetta, 2020 walipotoka Intel kwenda chipu zao wenyewe M1 wakaleta Rosetta 2, na kwa kweli inafanya kazi unaweza usijue. Lakini ile ya kwanza ilipofika 2011 na toleo la mfumo wa Mac liitwalo Lion wakaitoa kabisa. Asubuhi umeapdeti, programu yako ya PowerPC haifunguki tena, na kama aliyeiandika hakuiporti ndani ya ile miaka mitano basi imekwenda na maji. Tafsiri waliitoa kama daraja la muda ili walioandika programu wapate nafasi ya kuvusha mizigo. Waliojenga nyumba juu ya daraja ndo walioumia.


MLETA UZI

Mkuu wa Bukoba, hiyo ndo picha niliyokuwa naitafuta.

Ila na mimi nisije nikaonekana nasema porti yoyote ni nzuri, hapana. Kuna porti mbaya kuliko emuleta. Microsoft wenyewe 1994 walitoa Word 6 ya Mac ambayo walichukua msingi wa ile ya Windows wakaulazimisha Mac, ikatoka nzito, menyu haziko kama watu wa Mac walivozoea, watu wakakasirika mpaka Microsoft wakawaruhusu waliotaka warudi Word 5.1. Na Corel nao, WordPerfect 8 ya Linux ya 1998, programu yao ya kuandikia, ilikuwa ya asili kabisa na watu waliipenda, ile ya 2000 wakaamua wapite njia ya mkato, wakachukua ya Windows wakaiunganisha na laibrari za Wine wakaiuza kama ya Linux. Ikatoka nzito, inaanguka anguka, na mwaka uliofuata Corel wakaachana na Linux. Wale hawakuporti wala hawakuacha, walikaa katikati ya barabara.


MDAU WA IGOMA

Sasa mkuu tuambie ya kwako ilikuwaje, maana nadharia tumeshiba. Umeporti kweli? Ilikuchukua muda gani, nini kilikusumbua? Mi nina programu ya duka la dawa, niliiandika kwa VB6 (Visual Basic 6), nalala nayo kichwani kila siku.


MLETA UZI

Nimeporti. Usiku usiku baada ya kazi, miezi minne na kidogo. Nieleze yaliyonila muda, mengine nitayapita.

Kwa kuwa ilikuwa Delphi nilikuwa na bahati, kuna Lazarus inayotumia Free Pascal, lugha ni ile ile, kuna na menyu ya kubadilisha mradi wa Delphi. Fomu zilikuja kama robo tatu nzima, nyingine vitufe vimepandana nikavipanga upya kwa mkono. Hilo halikunisumbua. Data kutoka BDE niliihamishia kwenye hifadhidata ya Firebird, wiki tatu, na nilimwendesha mama mahesabu ya zamani na mapya sambamba mwezi mzima mpaka jumla zikalingana kila siku, hapo usifanye haraka, ni hela ya mtu.

Kilichonitoa jasho ni ujinga mdogo mdogo ambao Windows ilikuwa inanisamehe. Mfano majina ya faili. Humu nimeandika Bei.dat, kule nimeandika BEI.DAT, Windows anaona ni kitu kimoja, Linux anaona ni faili mbili tofauti. Programu ikifunguka bei zote sifuri, nikadhani data imepotea, moyo ukaenda mbio. Nilipita msimbo wote mstari kwa mstari nikageuza kila jina liwe herufi ndogo. Afu zile njia za folda nilizoandika "C:\" moja kwa moja, nilizikuta zaidi ya mia na kitu, zimetawanyika kama dagaa kwenye mwamba.

Printa ya risiti ndo ilinifundisha zaidi. Ndani ya Wine risiti ilikuwa inachorwa kama picha, inapita kwenye mfumo wa kuprinti, inatoka taratibu na maandishi yamefifia, na karatasi haikatwi, karani anachana kwa mkono. Kwenye porti nikaachana na kuchora. Ile printa inaelewa amri za ESC/POS, unaitumia baiti tupu: 27 na 64 kuiamsha, maandishi yako, mwisho 29 na 86 na namba ya aina ya mkato, inakata. Naandika moja kwa moja kwenye /dev/usb/lp0, mtumiaji nimemwingiza kwenye kundi la lp. Risiti inatoka kabla karani hajanyanyua mkono kwenye kitufe. Siku ya kwanza karani aliprinti tatu mfululizo anahakikisha macho yake.

Na mzani. Badala ya kusema ttyUSB0 programu sasa inaangalia /dev/serial/by-id, pale waya unaitwa kwa jina lake la kiwandani, ukichomoka ukarudi jina ni lile lile. Na nimeandika kwamba ikikosa data sekunde tatu ifunge mlango, iutafute upya, na kwenye kioo iandike kwa herufi kubwa MZANI HAUJAUNGANISHWA badala ya kuonyesha 0.00. Ndani ya Wine programu ya zamani haikulijua hilo, programu ilikuwa inaambiwa mlango upo salama. Umeme ukikatika, mtu akijikwaa, inarudi yenyewe. Kisha mtumiaji awe kwenye kundi la dialout, la sivyo anakataliwa mlango, wengi hapo ndo wanapokwama afu wanasema Linux mbaya.

Wewe wa VB6 nikwambie ukweli kaka, wewe huna Lazarus ya kukubeba, kwako ni kuandika upya. Kwahiyo usianze na yote. Angalia ni kipande gani wateja wanakitumia kila siku, kwenye duka la dawa nadhani ni mauzo na tarehe za kuisha muda, andika hicho, kingine kiache Windows kwanza. Na muda huo ukiwa unaandika, Wine itumie, ila ijaribu mwenyewe kwenye mashine yako na funga toleo lake lisijiapdeti, afu mwambie mteja wazi kwamba hii ni ya muda na namba ya kupiga ni yangu.


MDAU WA PASIANSI

Mkuu nimekuelewa hapo kwenye namba ya simu. Bado naamini kwa magemu Proton ndo njia, ila kwa biashara yenye mizani umenishawishi. Swali moja, je zile programu ambazo mwenyewe hayupo tena, kampuni ilishakufa? Hizo nani ataporti?


MLETA UZI

Hizo ndo za emuleta hasa, na hapo naishukuru kwa moyo wote. Kuna mzee mmoja pale mjini ana kumbukumbu za mishahara ya wafanyakazi wake toka miaka ya tisini kwenye programu ya DOS, aliyeiandika alishafariki, msimbo hakuna. Nimemwekea DOSBox, emuleta ya DOS, inafunguka, anasoma mstaafu akija kudai. Haiongezwi kitu mle, ni ya kusoma tu. Bila emuleta ile haki ya watu ingepotea. Ila mimi bado niko hai na msimbo ninao, kwahiyo sina kisingizio hicho.


MDAU WA UKEREWE

Mkuu niko Nansio, tunapima samaki, mzani wetu ni wa zamani ila nyuma una tundu la pini tisa. Mashine tuliyonayo imeshawekwa Linux na kijana wa shule. Inawezekana?


MLETA UZI

Inawezekana kaka. Nipigie picha kile kibati cha nyuma ya mzani niione modeli, na kama una kitabu chake angalia ukurasa wa mawasiliano, wengi wameseti 9600, biti 8, bila pariti, stopu 1, lakini usibahatishe. Nunua waya wa USB kwenda siriali ila chagua wenye namba yake ya kipekee, ile ya bei chee mingi haina na ukiwa na mizani miwili itachanganywa. Ukiupata uchomeke, fungua tamino (dirisha la kuandikia amri) andika ls /dev/serial/by-id afu unitumie kinachotokea hapa hapa kwenye uzi, na wengine waone.